Mkwe Mwenye Mwanya

Jumatatu, 10 Juni 2024

Siku kubwa!

Délice ameongea na shangazi yake leo, mbele yangu. Alikuja saluni kwangu baada ya kufundisha, akakaa kwenye kiti cha wateja, akampigia Shangazi Irambona wa Nyakabere na kuweka simu kwa sauti kubwa ili na mimi nisikie. Huyu shangazi ndiye aliyemlea. Akisema ndiyo, naoa. Akisema hapana, hata padri hawezi kumgeuza. Jumapili hii natakiwa niende Nyakabere kujitambulisha, na Jumapili hiyohiyo atatoa neno lake.

Délice akamwuliza anataka mkwe wa namna gani. Sauti ikaja pamoja na upepo wa shambani: "Minye nataka mukwe mwenye iko na mwanya! Ule hana mwanya, asinijie hapa!" Halafu mtandao ukakatika.

Mwanya! Jamani, neno safi kabisa. Mimi nimesoma Tabora miaka minne. Kiswahili changu ni cha kamusi, si hiki cha hapa cha iko-iko. Mwanya ni ile nafasi kati ya meno mawili ya mbele, juu. Pambo la uso! Kinyozi mwingine wa Uvira angelazimika kuuliza. Mimi, Osée, sikuuliza.

Délice akanitazama kwenye kioo, akacheka. Akasema hapo pana kazi, maana tangu tujuane hajawahi kuniona nikiwa na mwanya hata kidogo. Nikafunga mdomo haraka.

Alipoondoka nikaufungua mbele ya kioo kikubwa. Ni kweli. Meno yangu ya mbele yamebanana kama matofali. Hata uzi unapita kwa taabu.

Sawa. Mimi ni mtu wa mipango. Mradi wa bata haukuniangusha (ziwa lilipanda likaingia uani, bata wakaogelea wakaenda zao, hilo ni kosa la ziwa). Meno ndiyo yatanishinda? Hayawezi!

Jumanne, 11 Juni

Adui alikuja mwenyewe kiganjani mwangu!

Ngoga. Mtoto wa wafugaji wa nyanda za juu, anateremsha maziwa mjini na kupanda tena, na kila akiteremka anapita shuleni kwa Délice na kibuyu, eti ni salamu. Alikuja kunyolewa. Nikamfunga shuka shingoni, nikamtazama anavyotabasamu. Ana mwanya. Mzuri, mpana, wa kuzaliwa nao! Inauma kuandika hivyo, lakini shajara ni shajara.

Nikamwambia afungue mdomo ili nipunguze masharubu vizuri. Alipofungua nikachomeka kitana. Meno mawili ya kitana yanapita bila kugusa! Akauliza ni kitu gani. Nikamjibu ni mtindo mpya kutoka Bujumbura. Mjinga yule akashukuru.

Akaondoka, nikafikiri. Seremala wa jirani akitaka kupasua gogo anachomeka kabari na kuliacha gogo lijifungue lenyewe. Basi! Nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli, nikakata kipande chembamba kama kipande cha ukucha. Nikakivuta katikati ya meno mawili kwa uzi, huku na huku, machozi yananitoka, mteja mmoja mlangoni akadhani nimefiwa. Kikaingia!

Maumivu? Yapo. Lakini ni maumivu ya kazi inayokwenda mbele. Kufika jioni nikisema "samahani" kuna filimbi ndogo inatoka. Upepo unapita! Nikasema samahani kwa kila mteja, hata ambaye sikumkosea.

Jumatano, 12 Juni

Nimeamka, mpira hakuna! Nimetafuta kwenye mto, kwenye shuka, chini ya kitanda. Nitakuwa nimeumeza. Haidhuru, ulishamaliza kazi, maana mwanya UPO! Mdogo, ila upo. Nimechomeka jino la kitana: moja limeingia nusu. Nikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Mambo madogo ya kuangalia. Ufizi umekuwa mwekundu. Jino la kushoto naona limerefuka, likigusana na la chini nashtuka mwili mzima. Mchana nilimega bugali nikautafuna kwa pembeni kama mzee. Pia meno yote mawili yanacheza nikiyasukuma kwa ulimi. Nayasukuma mara nyingi, siwezi kujizuia.

Délice alipita akaniuliza mdomo umekuwaje. Nikasema nyuki. Akaniuliza nyuki gani wa ndani ya saluni. Nikasema nyuki wa mteja.

Mwanya wenye meno yanayocheza hauwezi kufika Jumapili. Nikianza hotuba yangu mbele ya shangazi, jino linaweza kumrukia. Kesho nitakwenda kwa daktari wa meno anikazie meno na kuniachia mwanya. Mpango mzuri!

Alhamisi, 13 Juni

Nimetoka kwa Dokta Abigaïl. Naandika nikiwa na hasira na mate.

Kwanza nieleze. Dokta Abigaïl ndiye mwenye kile chumba cha meno juu ya duka la vitenge. Kila mtu anamsifu kwa mkono mwepesi. Nilipokaa tu nikaona picha ukutani: harusi ya kwao, na katikati ya watu amesimama nani? Ngoga, na mwanya wake wote! Nikauliza kwa upole. Akasema ni binamu yake, wamekua pamoja.

Kwa hiyo sikuweza kusema ukweli. Mpira ungefika kwa Ngoga kabla mimi sijafika nyumbani. Nikasema nimeanguka na pikipiki, uso mbele.

Akaanza kazi. Aligonga meno moja moja kwa mpini wa kioo chake kidogo. Yale mawili, mama yangu! Akagusisha pamba yenye baridi, akauliza kama nasikia. Nasikia! Akasema vizuri, meno bado ni mazima ndani. Akapiga picha ya radio, ile ya kuona mifupa. Hakuna jino lililovunjika. Akaikazia macho picha muda mrefu. Akasema anashangaa: mtu ameanguka na pikipiki uso mbele, na mdomo hauna hata mchubuko? Nikasema nina ngozi ngumu.

Akataka kuingiza kijiti chake cha chuma chenye alama chini ya ufizi, apime. Alipofika katikati ya yale mawili nikabana mdomo, nikakibana na kidole chake. Akasubiri nikamwachia. Hakukasirika. Akaniuliza taratibu: "Weye papa, hakuna kitu uliingiza humu? Kijiti? Uzi?" Nikaapa kwa marehemu babu. Akaniuliza tena. Nikaapa kwa babu wa upande wa mama. Akasema yeye anatibu anachoona na anachoambiwa, na leo anachoambiwa ni kingi kuliko anachoona.

Halafu akafanya wanavyomfanyia mtu aliyeangukia meno. Akayasukuma mahali pake, akayabana pamoja, akayafunga kwa waya mwembamba na gundi nyeupe.

AMEUZIBA! Mwanya wangu! Nilitaka kupiga kelele lakini mdomo ulikuwa umejaa pamba. Akanipa kioo nijitazame. Matofali! Akasema nile vitu laini, nisukutue kwa maji ya chumvi, nirudi Jumamosi, na nikiona uvimbe nisingoje hiyo Jumamosi. Nikamshukuru. Ningesema nini?

Ijumaa, 14 Juni

Uvimbe umekuja. Mdomo wa juu umetangulia, mimi nafuata nyuma.

Asubuhi nilijaribu kukata waya kwa mkasi wa masharubu. Nimekata mdomo. Waya haujajali.

Kisha akaja Ngoga, safari hii bila kunyolewa, akakaa tu akiinamisha kichwa. Nikajua kuna habari. Akasema alikwenda Nyakabere jana kunitangulia (msaliti!) na shangazi amemkataa mlangoni. "Ule mama amesema minye sina mwanya. Basi, imeisha." Akaanza habari ndefu za ng'ombe, sijui wamehamishwa bonde gani, sijui kila juma lazima apande mlima, sijui mama yule ana haki. Sikuwa nasikiliza.

Ngoga hana mwanya! Ngoga, ambaye meno mawili ya kitana yanapita kwake bila kugusa! Basi kipimo cha Shangazi Irambona ni kikubwa kiasi gani? Wanawake wa Nyakabere si mchezo. Kama ule wa Ngoga hautoshi, wangu lazima uwe mlango.

Nikamfariji. Nilimpiga begani, nikamwambia asijali, wengine Mungu amewanyima. Akaniuliza mbona mdomo wangu umekuwa hivyo. Nyuki, nikasema.

Mpango mpya, mkubwa, wa mwisho: kesho namwambia Dokta ang'oe jino moja la mbele. Lote! Nani atasema sina mwanya?

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya ajabu. Nimelia, nimecheka, nimeokolewa.

Nilipoingia Dokta Abigaïl alinitazama na kuweka kikombe chake cha chai chini. Nikamwambia ang'oe jino. Akauliza lipi. Nikasema lolote, achague yeye. Akasema katika miaka yake yote hajapata mgonjwa mkarimu namna hii.

Hakung'oa. Akanichoma sindano ya ganzi, akangoja, akachukua kile kijiti chenye alama. Sasa sikuwa na nguvu ya kubana mdomo. Akapima kuzunguka meno yote ya mbele. Huku kijiti kinazama kidogo, kule kidogo, kama kwa kila mtu. Kufika kati ya yale mawili kikazama chini kabisa. Usaha ukatoka. Akarudia, palepale tu. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba kuanguka hakuchagui mfereji mmoja mwembamba. Humu mna kitu, na kitu hicho picha ya radio haikioni.

Akafungua ufizi kidogo. Akaosha. Akaingiza koleo ndogo, akavuta, akaniinulia mbele ya macho.

Kipande changu cha mpira! Cheusi, kizima. Sikukimeza! Kilikuwa kimepanda taratibu kwenye mizizi, kila siku juu zaidi. Nilifurahi kukiona, nikasema "Kumbe!" Hilo ndilo lililoniuza. Mtu aliyeanguka na pikipiki hasemi kumbe.

Akakitazama, akanitazama. Sikueleza sababu, nilisema tu ni mambo ya urembo. Hakucheka. Aliniambia kwa ukali kwamba mfupa unaoshika meno ulishaanza kuliwa, na kwamba ningekaa na ule mpira kwa muda, yangedondoka yote mawili, mazima, bila hata tundu la kuoza, na hakuna daktari wa Uvira wala wa Lemera ambaye angeyarudisha. Akasema tena kama ningesema ukweli Alhamisi, kazi ingekuwa ya dakika chache. Meno yangu! Nimeyapenda ghafla kuliko kitu chochote.

Akafunga waya upya, akanipa vidonge, na kile kipande cha mpira nikakitia kwenye kiberiti nikaenda nacho nyumbani. Sharti: nikae nyumbani, nisiongee, nisisafiri kwenye vumbi, nirudi Alhamisi akague. Nikamwambia kwa vidole kwamba kesho naenda Nyakabere kuoa. Akasema kesho naenda kitandani.

Basi imeisha. Shangazi atangoja, mimi sitatokea. Na hata nikitokea, nina nini cha kumwonyesha? Waya! Nimemwandikia Délice kwenye simu kwamba siwezi kuja, mdomo mgonjwa. Amejibu neno moja: "Sawa." Sawa ya namna gani? Nimeisoma hadi betri imeisha. Nampenda yule msichana, basi, nimeandika. Kama nimempoteza kwa ajili ya kipande cha mpira wa baiskeli, sitanyoa mtu tena.

Jumapili, 16 Juni

Sijui nianzie wapi!

Baada ya misa, hodi. Délice! Na nyuma yake mama mmoja mfupi, kitenge cha kanisani, kikapu cha mchele kichwani, vumbi hadi kwenye nyusi. Shangazi Irambona mwenyewe! Alisema kama mkwe hawezi kufika Nyakabere, Nyakabere itafika kwa mkwe.

Nikafunika mdomo kwa taulo. Sikuweza kutoa hotuba niliyoiandaa. Sikuweza kusema hata karibu. Nikamwekea kiti, nikakaa mbele yake.

Akaanza kuongea. Mama huyu anaongea! Mpunga uliofunikwa na maji. Mume wake marehemu, ambaye kila siku alikuwa na safari. Ng'ombe wa jirani waliokula maharage. Mgongo wake unaomwuma tangu kupalilia. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Kila nilipotaka kukatiza nimsifie, waya ukanikataza. Délice akapika, tukala, mimi uji. Shangazi akaendelea. Aliona vidonge vyangu mezani, akauliza kama huo "muti" unatuliza na mgongo. Muti! Dawa ndiyo anaiita muti, watu wa kwao bwana. Ningekuwa na mdomo ningemsahihisha. Jua likageuka, yeye bado yuko kwenye mgongo, na mimi bado nimekaa.

Mwisho akasimama, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Nikajua ni sasa. Taulo likaanguka. Waya wote nje! Nikafumba macho.

"Délice," akasema, "huyu ndiye. Huyu iko na mwanya!"

Nikafumbua macho. Nikaonyesha meno kwa kidole: umefungwa! Hauonekani! Shangazi akamwuliza Délice nina shida gani. Délice akanitazama, akatazama waya, akatazama mpira ulio kwenye kiberiti dirishani, na nikaona jambo linamwingia taratibu. Akakaa chini. Alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akanieleza huku akijifuta machozi: kwa lugha ya kwao mwanya, yaani umwanya, ni wakati. Nafasi ya kukaa na mtu! Shangazi alitaka mkwe anayekaa akasikiliza, si wa kupita mbio kama marehemu. Na mimi, akasema, tangu tujuane sijawahi kukaa naye mchana mmoja mzima, kila siku nina mradi.

Wakati! Ngoga hana wakati! Ng'ombe! Yote yakaingia mahali pake kwa pamoja, kama meno yangu Alhamisi.

Shangazi amekubali! AMEKUBALI! Nimelia wazi mbele yao. Délice alinishika mkono na hakuuachia mpaka gari la Nyakabere lilipopiga honi.

Nimefikiri sana jioni hii, na nimeona jambo moja. Bila mpira nisingevimba. Bila kuvimba nisingenyamaza. Bila kunyamaza nisingekaa. Kwa hiyo mpango wangu ulifaulu!

Jumatano, 19 Juni

Uvimbe umekwisha, nguvu zimerudi, na habari ni kubwa!

Délice amepita mbio akielekea shuleni. Shangazi amemtumia sauti kwenye simu, nikaisikiliza mwenyewe: "Mukwe wangu akikuja, anileteye muti ya mugongo. Asisahau!" Délice akasema nitafute mzuri, wa nguvu, halafu akakimbia, kengele ilikuwa imelia. Akanipigia kelele kutoka mbali kwamba kama sijaelewa nimwulize.

Nimwulize! Mimi, wa Tabora!

Mti wa mgongo. Jumapili alipoita vidonge muti alikosea, lakini huu wa nguvu ni mti kweli. Ni wazi kabisa. Nyumba ina kuta, ina paa, na juu ya paa kuna mgongo wake. Mti unaobeba mgongo wa nyumba ni nini kama si boriti? Shangazi anataka boriti! Lugha gani nzuri hii, wakulima wanaisema bila hata kujua. Na mkwe anayekuja na boriti nzima begani, nani atamsahau?

Nimeshaongea na seremala. Kuna gogo la mkaratusi, refu kuliko saluni yangu, limenyooka kama rula. Zito! La nguvu, kama alivyosema Délice. Kesho alfajiri naliweka kwenye pikipiki na kuelekea Nyakabere. Najua kesho ni Alhamisi ya Dokta Abigaïl. Lakini meno hayaumi tena, na waya umeshika kama chuma cha daraja. Atakagua siku nyingine.

Tumefanya majaribio jioni hii. Kamba ipo. Tatizo ni moja tu: gogo linayumba, mikono yote miwili inatakiwa kulishikilia, na dereva wa pikipiki hataki kushuka anisaidie. Lakini nimeshapata njia. Fundo nitalikaza kwa meno.